Kifungu cha Uzoefu

Walipofika ajenda ya nne, chai ilikuwa imekwisha kupoa na wajumbe wawili walikuwa wanapiga miayo waziwazi. Ajenda tatu za mwanzo zilihusu vyoo vya wanafunzi, uzio wa nyuma na jenereta. Ya nne ilihusu kozi ya Malezi ya Watoto Wadogo: ibaki kwenye Kundi la Ufundi ilikokuwa miaka yote, au ipandishwe Kundi la Taaluma.

Mratibu wa Ubora, mwanamke mwembamba aliyezoea kusoma kila kitu mara mbili, alieleza tofauti. Kozi ikibaki ya ufundi, mwanafunzi akimaliza anapewa cheti na safari yake inaishia hapo. Akitaka chuo kikuu, anaanza upya kama mtu ambaye hajasoma kitu. Ikipandishwa, anapokelewa moja kwa moja mwaka wa pili. Ila kozi ya taaluma haifundishwi na mwenye stashahada. Mwalimu wake lazima awe na shahada ya uzamili.

Hapakuwa na mtu pale mezani ambaye hakuelewa. Kozi ya Malezi ilikuwa na mwalimu mmoja tu, na mwalimu huyo alikuwa na stashahada. Vilevile kila mmoja alijua kuwa mwalimu huyo ni mke wa mkuu wa idara, na mkuu wa idara alikuwa ameketi palepale, kalamu mkononi, akichora viboksi pembeni mwa karatasi.

Wanafunzi walimwita mkuu huyo Kifungu. Uombe ruhusa ya ugonjwa, uombe chaki, jibu lake lilianza na kifungu namba fulani. Jina lilimganda hata walimu wenzake wakalitumia, na yeye hakuchukia. Moyoni aliliona kama cheo.

"Kuna kifungu cha uzoefu," alisema Mratibu wa Ubora. "Mkuu wa idara akimpendekeza mwalimu wa siku nyingi kabla ya kura kupigwa, kamati inaweza kumkubali hivyohivyo bila uzamili. Kura ikishapigwa, basi tena. Mkuu wa idara, una pendekezo?"

Muhula uliopita kozi ya umeme ilipita njia hiyohiyo. Mwalimu wake, mtu mzima mwenye mvi ambaye chuo kizima kilimwita Fundi Umeme, alimfuata Kifungu ofisini akaomba apendekezwe. Kifungu alimkatalia. Alimwambia kwamba idara ikianza kubeba watu kwa huruma itachekwa. Fundi Umeme aliaga, akafunga mlango taratibu, na mwisho wa mwezi hakuonekana tena. Sasa Kifungu aliona nyuso zote zimemgeukia. Mhasibu alikuwa na tabasamu dogo, la mtu anayesubiri kuona mwenzake akijikwaa. Au ndivyo alivyoliona yeye. Huenda mhasibu alikuwa anawaza chakula cha mchana tu.

"Sina," alisema.

"Huna pendekezo?" Mratibu aliuliza tena polepole, kama anayemfungulia mtu mlango kwa mara ya pili.

"Sina. Utaratibu ufuatwe."

Mikono ilinyooka yote. Wa kwake pia.

Nyumbani alimkuta mkewe amepiga magoti sebuleni, anashona mkono wa mwanasesere uliong'oka. Wanasesere wa mazoezi walikuwa mali ya chuo, lakini matengenezo yalikuwa yake. Hakuna aliyemtuma. Alisema mwanafunzi akizoea kumshika mtoto asiye na mkono, siku akipewa mtoto mzima hatajua afanye nini na ule uliozidi.

"Pole na kazi. Kikao kimekwendaje?"

"Kirefu," alisema Kifungu. "Habari za jenereta tu."

"Na kozi yangu?"

"Wanaendelea kuijadili."

Binti yao alitoka jikoni na mwiko mkononi. Alikuwa mwaka wa mwisho wa kozi hiyohiyo, darasa moja na wenzake waliomwita mama yake Mama Malezi. Darasani naye alimwita hivyo, mama asije akaambiwa anapendelea.

"Baba, kweli tutaunganishwa na chuo kikuu? Wenzangu wanasema ikipita tunaingia mwaka wa pili, hakuna kurudia. Kuna mmoja ameshaanza kulia kwa furaha, na hata matokeo hana!"

"Tusubiri," baba alisema.

"Ikipita nitawapikia kila siku mpaka niondoke."

"Kwa mapishi yako hayo, heri isipite," mama alisema, wote wakacheka. Kifungu naye alicheka. Alikula akashiba, akaomba aongezwe.

Mama Malezi aliitwa kwa Mkuu wa Chuo siku mbili baadaye, katikati ya kipindi. Aliwaachia wanafunzi mwanasesere ndani ya beseni la maji, akawaambia wasimtoe kichwa chini hata kwa utani.

Mkuu wa Chuo alikuwa bwana mwenye sauti ya chini, kila aliyeongea naye ilibidi ainame kidogo ili asikie. Alimkaribisha kiti, akasifu kazi yake, akasema chuo kinamthamini, tena sana. Kwa jinsi sifa zilivyozidi, Mama Malezi akajua kuna jambo. Ndipo alipoambiwa.

"Hatukuachi nje," Mkuu alisema. "Tumekutafutia nafasi. Msaidizi wa Chumba cha Mazoezi. Utabaki na vitu vyako vilevile."

"Vitu gani, Mkuu?"

"Mabeseni. Vitanda vile vidogo. Si unavipenda?"

Mama Malezi alitazama mikono yake. Ilikuwa na povu la sabuni lililokauka.

"Na mshahara?"

"Utapungua kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

Mkuu alisema jambo ambalo hata kwa kuinama halikusikika vizuri. Ilibidi aulize tena, na kule kuuliza tena ndiko kulikomuuma zaidi. Ilikuwa karibu nusu.

"Kwa hiyo mimi ndiye nitamkabidhi mwalimu mpya darasa?"

"Kama hutajali. Na funguo za ofisi. Atahitaji mahali pa kukaa."

Alirudi darasani akakuta wanafunzi wanamsubiri, mwanasesere amekaushwa na kuvishwa. Alimgeuza, akaangalia shingo, akasema vizuri. Hakuwaambia kitu. Kipindi kilipoisha alifuta ubao mpaka pembeni kabisa, mahali ambapo hata hapakuwa na maandishi.

Jioni hiyo Kifungu alichelewa makusudi. Alizunguka, akanunua gazeti ambalo hakulisoma. Alipoingia, mkewe alikuwa ameketi kwenye kochi na binti yao ameegemea bega lake, macho mekundu. Alijiandaa kwa lolote: kelele, maswali, vyombo kugongwa. Mkewe alinyanyuka akaja kumpokea begi.

"Nimeshaambiwa," alisema. "Usijitese. Najua ulipigana."

Kifungu alisimama na kiatu kimoja mguuni.

"Nakufahamu mimi. Mtu mmoja atafanya nini mbele ya meza nzima? Wamekuzidi kura, ndiyo dunia." Akampapasa mgongo, juu chini, kama anavyofanyiwa mtoto aliyekula akakosa kucheua. "Na wewe ulikuwa unakaa nalo peke yako siku zote hizi. Ndiyo maana hulali."

Pale palikuwa na nafasi ya kusema. Ilikuwa pana na haikuwa na mtu. Lakini mkono ule ulikuwa wa moto mgongoni, na binti alikuwa anamtazama kwa huruma.

"Pole," alisema.

"Pole na wewe," alijibu mkewe.

Mwalimu mpya alikuja na muhula. Alikuwa msichana wa umri wa kuweza kuwa binti wa Mama Malezi, mpole, mwenye uzamili na tabia ya kufika kabla ya kengele. Wanafunzi wengine walikuwa wamejiandaa kumchukia. Haikuwezekana. Alimwamkia Mama Malezi shikamoo kila asubuhi, akamwomba asihame ofisini, wabanane.

"Hapana, mwanangu. Ofisi ni ya mwalimu."

Alihamia stoo ya Chumba cha Mazoezi, kwenye kiti kisicho na mgongo, kati ya marobota ya nepi na sanduku la midoli. Mlango wa stoo ulikuwa hauna kitasa upande wa ndani. Ukifungwa na upepo, ilibidi agonge mpaka mtu wa nje asikie.

Kutoka stoo alisikia vipindi vyote. Siku za kwanza alisikiliza akitafuta makosa, na aliona aibu kuwa anayatafuta. Hakuyapata. Msichana yule alieleza jinsi ubongo wa mtoto unavyokua, kwa nini mtoto anayeachwa alie muda mrefu huacha kulia na kwa nini kuacha huko si utulivu. Mama Malezi alikuwa anajua kuwa ni kweli, aliona kwa macho yake watoto wengi wa namna hiyo, lakini hakuwahi kuwa na maneno ya kulieleza. Siku hiyo alikaa stoo na nepi mapajani, hakukunja hata moja. Angekuwa mwalimu mbaya, ingekuwa nafuu.

"Mama, samahani, naomba utuletee beseni," mwalimu aliita.

Alilileta. Binti yake, aliyekaa mstari wa mbele, aliinamisha kichwa asikutane na macho yake.

Katikati ya muhula walikuja wageni kutoka chuo kikuu kuikagua kozi. Chuo kilipakwa rangi upande wa barabarani tu. Asubuhi hiyo Mkuu wa Chuo alipita stoo mwenyewe.

"Wageni wakikuuliza, wewe ni mhudumu wa chumba. Habari za kufundisha zamani tusiziingize. Zitawachanganya."

"Sawa, Mkuu."

Wageni waliongozwa na Kifungu, ndani ya suti aliyopigiwa pasi na mkewe asubuhi ileile. Waligusa vitanda, wakafungua kabati, wakasifu mwanga wa madirisha. Mgeni mmoja, mzee mwenye miwani minene, alimwona Mama Malezi amesimama kando ya mlango wa stoo, mikono nyuma.

"Na huyu?"

Kifungu alimtazama mkewe. Muda ulikuwa mfupi mno, wageni hawakuuona. Mkewe aliuona.

"Huyu ni msaidizi wetu," alisema, akawaelekeza wageni upande wa mabeseni.

Hata hilo Mama Malezi alimwekea mumewe udhuru. Alijiambia kazi ni kazi, angesema nini mbele ya watu, na kozi ikianguka wale watoto wote wataanguka nayo, na binti yake mmoja wao. Njiani kurudi nyumbani aliuvuta udhuru huo huku na huku, kama shuka fupi, ukafunika miguu ukaacha kifua.

Pasi iliharibika wiki hiyohiyo. Jumamosi Mama Malezi aliibeba kwenye mfuko mpaka kwenye kibanda cha Fundi Umeme, nyuma ya kituo cha mafuta. Baada ya chuo, mzee yule alikuwa anatengeneza feni, redio na majiko. Alikuwa na wateja, lakini koti lake la kufundishia, jeupe, lilikuwa bado limening'inia ukutani, safi.

"Mama Malezi! Karibu, karibu. Kaa hapo, hicho hakina shoti."

Aliifungua pasi huku akiongea habari za bei ya waya na magoti yake yanayouma. Kisha akawa anakaza skrubu ambayo ilikuwa imeshakazwa.

"Nilisikia yaliyokupata. Nilitaka kuja kukupa pole, nikaona haya."

"Haya ya nini, Fundi?"

"Kwa sababu niliposikia kozi yako inafuata, nilifurahi. Mungu anisamehe. Nilisema, sasa tutamwona bwana yule. Atampendekeza mkewe, na siku hiyo nitakwenda kumtukana mbele ya ofisi yake mpaka sauti inikauke. Nilishapanga na matusi yenyewe. Nasubiri, nasubiri. Naambiwa kaulizwa mara mbili, kasema sina. Kaninyima hata hilo."

Mama Malezi hakuelewa. "Kaulizwa nini?"

Mzee aliweka bisibisi chini. Akamwangalia vizuri, na uso wake ukabadilika.

"Hukuambiwa?"

"Kaulizwa nini, Fundi?"

Alimweleza. Kifungu cha uzoefu, mkuu wa idara kupendekeza, kabla ya kura. Alieleza kwa sauti ndogo, akirukaruka maneno, kama mtu anayetembea juu ya vioo. Mratibu wa Ubora alikuwa jirani yake. Ndiye aliyemsimulia, na aliposimulia alitikisa kichwa, kwa kuwa yeye na wenzake walikuwa tayari kukubali. Walikuwa wanangoja neno moja tu.

"Pengine alikuwa na sababu," alimalizia. "Alininyima mimi, angekupaje wewe? Kwa haki, ni haki. Sijui kwa nini haki yenyewe inanuka hivi."

Hakumtoza hela. Mama Malezi alisisitiza, mzee akakataa, wakavutana hivyo mpaka mteja mwingine alipoingia.

Kifungu alikuwa uani anafua soksi zake. Alipomwona mkewe anaingia na mfuko alisema, "Imepona?" Mkewe aliuweka mfuko chini.

"Uliulizwa mara mbili."

Maji yaliendelea kutiririka bombani. Kifungu aliyafunga. Hakuuliza anazungumzia nini, na kwa kutouliza huko mkewe akapata jibu lote.

"Sikiliza," alisema. "Nilishamkatalia Fundi. Watu wangesema nini?"

"Wangesema."

"Wangesema nina sheria ya watu na sheria ya mke wangu."

"Sawa, wangesema. Halafu wangechoka, wangekwenda kula. Mimi nakaa kwenye stoo isiyo na kitasa. Nagonga nifunguliwe, na mtu wa kunifungulia siku nyingine ni mwanangu."

"Na ningekupendekeza Fundi angejisikiaje?"

"Usimlete Fundi hapa! Ungetaka kumtendea haki Fundi ungemtendea siku aliyokuja kwako. Hukutaka. Ulikosea kwake, halafu ili usionekane ulikosea, ukarudia kwangu. Ndiyo haki hiyo?"

Kifungu alikausha mikono kwenye suruali. "Mimi sina ubaya na wewe. Ni utaratibu."

"Uzamili wako ulitoka wapi?"

"Tusifike huko."

"Tufike. Nilifundisha mchana, nikafundisha na madarasa ya jioni, mtoto amelala juu ya meza ya mwalimu, kusudi wewe ukae huko usome. Sikukudai. Sikukudai mpaka leo, wala leo sikudai ada. Nilikuwa nadai neno moja, na hata hilo sikujua kama nalidai." Sauti ilimkatika. Akaivuta tena. "Lakini hata hayo yangepita. Mtu huogopa. Ningekuja nyumbani ukaniambia, mke wangu, niliulizwa nikaogopa, tungelia tukalala. Ulifanya nini? Uliacha nikubembeleze. Mimi ndiye nimefukuzwa, nami ndiye nakusugua mgongo. Na ulitulia unasuguliwa."

Kifungu aliinama, akaisukuma soksi ndani ya maji.

Binti yao alikuwa amesimama mlangoni. Hakuna aliyejua amesikia kuanzia wapi, lakini uso wake ulionyesha amesikia kutosha.

"Siendi," alisema. "Hicho chuo kikuu siendi. Mtafute mtu mwingine wa kuingia mwaka wa pili."

"Utakwenda," mama alisema bila kugeuka.

"Kwa mgongo wako?"

Mama aligeuka sasa. Alimshika mkono, akampeleka chumbani, akafunga mlango. Kifungu alibaki uani na soksi ndani ya beseni.

Walikaa kitandani mwa binti, bega kwa bega, wakitazama ukuta.

"Sikiliza, mwanangu. Ile kura ilikuwa nzuri. Mimi mwenyewe ningekuwa mle ndani ningenyoosha mkono. Kila mwaka nimewafundisha wasichana wenye akili, wanamaliza, wananiuliza, mwalimu sasa twende wapi? Sikuwa na jibu. Sasa lipo."

"Mbona basi unalia?"

"Kwa sababu nikiwaona mnafurahi, nafurahi. Halafu nachukia. Nikimsikia yule mwalimu wenu anafundisha vizuri, nasema afadhali, watoto wamepata mtu. Halafu naomba achafukwe na tumbo. Vyote vimo humu, vinapigana, sijui kuviamua. Ila usinifanye mimi niwe sababu ya wewe kubaki. Hapo utakuwa umenimaliza kabisa."

"Na baba?"

Mama alifikiri. Alikuwa amemfunza binti huyu kusema kweli, hakutaka kumdanganya sasa.

"Baba yako si mtu mbaya. Ingekuwa rahisi."

Jumatatu Mama Malezi hakwenda chuoni. Alipeleka funguo za stoo kwa mlinzi getini, akamwomba azifikishe. Mlinzi, aliyemzoea tangu ujana wao wote wawili, alizipokea kwa mikono miwili.

Siku ileile Kifungu alimwendea Mratibu wa Ubora. Alisimama mbele ya meza yake, hakukaa, akauliza kama pendekezo laweza kupokelewa sasa. Aseme alipitiwa, aseme alikosea, aandike lolote. Mratibu alisoma mwongozo mara mbili kama kawaida yake, ingawa alikuwa anaujua kwa kichwa.

"Kabla ya kura," alisema. "Si nilikuuliza?"

"Uliniuliza."

"Nilikuuliza mara mbili."

"Najua."

Alirudi nyumbani akamweleza mkewe kwamba amejaribu. Mkewe alikuwa anachambua mchele. Alisema, "Asante." Hakuna tusi ambalo lingemwumiza Kifungu kama asante ile, ilivyosemwa kwa adabu, kama anavyoshukuriwa mtu baki aliyekusogezea kiti.

Hawakuachana. Watu wa rika lao, wenye nyumba moja na binti mmoja, mara nyingi hawaachani. Waliongea habari za maji, za gesi, za paa linalovuja. Mama Malezi alihamia chumba cha binti siku binti alipoondoka kwenda chuo kikuu. Alisema kule kuna hewa zaidi. Kifungu alisema ni kweli, kuna hewa.

Kazi aliipata kwenye kituo cha kulelea watoto upande wa pili wa mji. Mwenye kituo alikuwa mwanafunzi wake wa madarasa ya jioni ya zamani, sasa mama mtu mzima mwenye gari na simu mbili. Alimpokea kwa kelele za furaha, akamwita Mwalimu mbele ya wafanyakazi wote, kisha akamweleza, huku akichezea funguo, kuwa nafasi iliyopo ni ya mlezi tu. Mama Malezi alisema mlezi ndiye anayetaka kuwa. Alipewa aproni ya kijani iliyokuwa na mfuko uliochanika. Aliushona.

Watoto hawakumuuliza cheti. Walimtapikia, wakamvuta nywele, wakalala kifuani pake. Kulikuwa na siku alizosahau kila kitu mpaka saa ya kurudi nyumbani.

Muhula wa pili wa mwaka uliofuata, chuo kilihitaji vituo vya nje vya kupeleka wanafunzi wa Malezi kwa mazoezi, na mkuu wa idara ndiye wa kuvikagua. Kifungu alifika kile kituo asubuhi akiwa na begi lake. Alijua mkewe anafanya kazi ya kulea. Hakuwahi kuuliza ni wapi, na hakuwahi kuambiwa. Mwenye kituo alimzungusha kote, jikoni, vyooni, kwenye bembea. Kisha akasukuma taratibu mlango wa chumba cha kulala.

Mapazia yalikuwa yameshushwa. Watoto walikuwa wamelala kwenye magodoro madogo, na katikati yao mwanamke wa aproni ya kijani alikuwa anatembea polepole na mtoto begani, mmoja aliyekataa usingizi.

"Huyu sasa ndiye nguzo yetu," mwenye kituo alinong'ona kwa fahari. "Alinifundisha mimi, chuoni kwenu hukohuko. Lazima mnafahamiana?"

Mama Malezi alisimama. Alimtazama mgeni kwa utulivu, mkono wake ukiendelea kupigapiga mgongo wa mtoto bila kukosea.

"Tunafahamiana," alisema. "Ni mkuu wa idara niliyofundisha."

Akaendelea kutembea. Kifungu alibaki na mguu mmoja ndani, mmoja nje. Mwenye kituo alikuwa tayari anageuka ampeleke kwingine.

"Ni mke wangu," alisema Kifungu.

Alilisema kwa nguvu kuliko alivyokusudia. Mtoto mmoja alishtuka kwenye godoro, akakunja uso. Mwenye kituo aliweka mkono mdomoni.

"Jamani! Mke wako? Mwalimu, mbona hukuniambia?"

"Hakuniuliza mtu," alijibu Mama Malezi. Alimhamisha mtoto bega la pili, akainama kumfunika yule aliyeshtuka. "Watoto wamelala. Mkazungumzie nje, tafadhali."

Walitoka, mlango ukafungwa nyuma yao. Mwenye kituo aliongea mengi, akicheka kicheko cha mtu asiyejua amegusa nini. Kifungu aliitikia ndiyo, ndiyo. Dirishani, kwenye mwanya wa pazia, alimwona mkewe akipita na kurudi, midomo ikimchezacheza kwa wimbo ambao kule nje haukusikika. Alisubiri aangalie upande huo. Hakuangalia. Mtoto alilegeza shingo, akalala.

Vilibaki vituo viwili vya kukagua kabla ofisi hazijafungwa. Kifungu alichukua begi lake, akamshukuru mwenye kituo, akaenda.